Jiko la Mjalidi

4 Februari

Kwa dada yangu mdogo, mpishi wa wagonjwa,

Nakuandikia baada ya swala ya alfajiri, kwa mkono wangu mwenyewe, nikikutakia amani wewe na binti yako mshonaji na yeyote anayelala chini ya dari yenu. Sisi huku tunaamka, tunashukuru. Paa la chumba cha uani lilivuja, fundi amekuja mara tatu na mara ya tatu ndiyo iliyofaa. Binamu yetu seremala amepata mjukuu wa nne, na sasa anatembea kwa madaha kana kwamba amemzaa yeye. Mimi nimetimiza miaka sabini na mmoja. Kufundisha dini nimeacha, nimebaki na kazi ya kujalidi misahafu na juzuu zilizochakaa. Masikio yamekuwa mazito. Simu naisikia kama mtu anayetafuna karatasi, ndiyo maana unapokea barua.

Unanijua. Nazunguka jambo kabla ya kuliingia.

Wifi yako anaumwa. Huu ni mwaka wa pili. Ilianza kama tumbo tu, tukasema ni maji, tukachemsha maji. Kisha vidonda vya mdomo, kisha damu kupungua, kisha nyama za mwili zikaanza kumwacha kimya kimya. Pete yake ya ndoa sasa imezungushiwa uzi ili isidondoke. Mwezi uliopita daktari, mama mmoja mtaratibu asiyependa maneno mengi, alitupa jina la ugonjwa na chanzo chake: ndani ya ngano mna kitu kinachoitwa gluteni, na matumbo ya wifi yako yanakiona kuwa adui, yanajichubua yenyewe kwa kupigana nacho. Dawa hakuna. Dawa ni chakula. Asionje ngano wala shayiri, hata chembe, maisha yake yote.

Hana nguvu za kusimama jikoni. Na mimi, katika miaka arubaini na minne ya ndoa, sijawahi kuwasha jiko ila kwa mambo ya kazi yangu. Nyuma ya nyumba tuna bustani yake: mchicha, spinachi, karoti, maboga, vitunguu, bilinganya chache. Vyote vimeota, navitazama, sijui kuvigeuza kuwa chakula.

Wewe umepikia wagonjwa miaka thelathini. Nifundishe. Yaliyopita baina yetu tuyaache yalipo. Namwomba Mola atusitiri sote.

Kaka yako


26 Februari

Kaka, shikamoo.

Barua yako ililala siku tisa kwa mlinzi wa lango, kwa sababu uliandika "mpishi wa wagonjwa" na hapa wapishi tuko kumi na wanne. Safari nyingine andika jiko la vyakula maalumu. Manesi ukiwaambia Mama Mizani wataniita, ndilo jina walilonipa, kwa kuwa napima kila kitu.

Mimi mzima. Magoti si mazima. Binti yangu anashona sare za shule, nyumba nzima imejaa vipande vya kitambaa cha bluu. Mpe wifi pole, na umwambie imetoka kwangu, usiichanganye na zako.

Hukuniuliza kama nina nafasi. Ninayo. Uliomba nikufundishe, basi nitajibu ulichoomba.

Kwanza, kabla ya kupika, toa. Mwiko wa mti, kibao cha kukatia, chungio la unga: vyote vimenywa ngano miaka na miaka, havisafishiki. Wape majirani. Sufuria za chuma sugua kwa maji ya moto na majivu hadi ujione usoni. Mkate usiingie nyumbani, hata wako. Ukitaka mkate kaule kwa seremala. Niandikie kila kitu kilichomo jikoni, kopo kwa kopo.

Pili, supu ya boga. Boga likatwe vipande, lisipondwe bado. Karoti mbili, kitunguu kimoja, kipande cha tangawizi ukubwa wa kidole gumba chako. Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo mpaka kilainike, kisiwe cheusi. Tia vilivyobaki, maji yafunike juu kwa upana wa vidole viwili, funika, moto mdogo, mpaka kisu kiingie bila kusukumwa. Ponda, chuja kwa chungio jipya. Chumvi mwisho. Ampe tumbo nafasi: bakuli dogo mara tano kwa siku, si bakuli kubwa mara moja.

Tatu, wali laini na spinachi. Spinachi ioshwe maji matatu, ikae motoni muda wa kusoma Fatiha tatu kwa mwendo wako, si kwa mwendo wa vijana.

Dada yako


19 Machi

Kwa dada yangu, Mama Mizani,

Salamu zangu zikukute magoti yamepungua maumivu. Huku mvua zimeanza, na bustani imejiamulia kuota kuliko uwezo wetu wa kula. Seremala amenitumia vibao viwili vipya na miiko mitatu. Mmoja una mpini mrefu kiasi kwamba naweza kukoroga nikiwa chumba cha pili.

Nimetoa ulivyosema nitoe. Nimekuandikia kila kopo katika karatasi ya pili, pamoja na pilipili manga na majani ya chai. Mkate haupo. Siku tatu za mwanzo nilipita mbele ya duka la mwoka mikate nikitazama upande wa pili wa barabara kama mtu mwenye deni lake, naye akamuuliza mke wangu alipokuwa akienda kwa daktari kama amenikosea nini.

Sasa nikupe habari za kupika. Siku ya kwanza nilisimama kati ya maboga na barua yako mkononi, nikiisoma kwa sauti ili nisikose, kwa vile bila sauti maneno yananiponyoka. Jirani muuza mkaa akachungulia ukutani akauliza kama mchicha nao siku hizi unasomewa dua. Nikamjibu kwamba anayesomewa ni mpishi.

Nilikata kitunguu nikalia kwa haki. Nikatia chumvi. Nikaenda kuswali, nikarudi, nikatia chumvi. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni mwa jiko, amejifunika shuka, hana nguvu ya kunizuia. Alionja kijiko kimoja, akameza kwa adabu, kisha akasema, "Bwana, chumvi hii ingemtosha ng'ombe."

Akacheka. Mdogo wangu, nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu mwaka juzi. Alicheka mpaka akashika ubavu kwa maumivu, nami sikujua nimshike au nimwache acheke.

Supu ya pili ililika. Ya tatu akaomba tena. Spinachi niliiosha maji matatu, na maji ya tatu bado yalikuwa na mchanga, kwa hiyo nikaongeza ya nne bila ruhusa yako.

Jioni nachoka namna ambayo kufundisha hakukunichosha. Nakaa kwenye kigoda, mikono inanuka kitunguu, najiuliza aliwezaje mara tatu kwa siku, miaka arubaini na minne, na mimi nikija mezani nauliza tu kama kuna limau.

Chumba cha uani hakivuji tena. Nakutajia tu.

Kaka yako


8 Aprili

Kaka, shikamoo.

Huku wazima. Tuna msimamizi mpya anayetaka tupike chakula cha watu mia mbili kwa kupishana kama askari wa zamu, na yeye mwenyewe hajawahi kumenya kiazi. Nimemsikiliza. Nikimaliza kumsikiliza nafanya nilivyokuwa nikifanya.

Maji ya nne yameruhusiwa.

Nimesoma karatasi yako ya makopo. Vidonge vya kutia ladha ya supu vitupe, vina ngano ndani. Bizari ya unga ya dukani pia. Wafanyabiashara huiongezea unga ili ijae. Nunua manjano mazima, tangawizi, kitunguu saumu, utwange nyumbani. Dengu zimwage kwenye sinia nyeupe uzichague punje moja moja, kwa sababu magunia yake hupakiwa pamoja na ngano na punje za ngano huingia. Ni kazi ya macho, lakini wewe umesoma herufi ndogo maisha yako yote, utaiweza.

Wifi atachoka na supu. Wagonjwa wangu hawalii kwa njaa, wanalia kwa kukosa kitu cha kutafuna. Mfanyie hivi: unga wa mchele vikombe viwili, boga lililochemshwa na kupondwa kikombe kimoja, mayai mawili, chumvi ya mtu si ya ng'ombe. Koroga uwe mzito kama tope la kukandikia ukuta. Mimina kidogo kidogo kwenye kikaango chenye mafuta, geuza mara moja tu. Ukigeuzageuza vitakatika na utanilaumu mimi. Bilinganya kata duara, tia chumvi, acha itoe maji, futa, kaanga. Karoti mbichi aikwangue mwenyewe mezani, apate kazi ya mikono.

Niandikie uzito wake. Mimi siamini "anaendelea vizuri."

Kuhusu chumba cha uani, nafurahi kwamba hakivuji.

Dada yako


30 Aprili

Kwa dada yangu mdogo,

Baada ya salamu na dua, na baada ya kukuarifu kwamba seremala ameanguka kutoka kwenye ngazi yake mwenyewe na hakuumia isipokuwa heshima, nakuletea uzito: kilo arubaini na tatu na nusu. Mwezi wa pili alikuwa arubaini. Vidonda vya mdomo vimefunga. Anatembea mpaka bustanini, anang'oa magugu akiwa amekaa, na amenifukuza mara mbili jikoni akisema nakata karoti kama mtu anayepasua kuni.

Vitumbua vyako vya boga vilivunjika siku ya kwanza, kwa kuwa niligeuzageuza. Siku ya pili nilishika mkono wangu mmoja kwa mwingine nikangoja. Vikatoka vizima, vya rangi ya dhahabu, na nikavipanga kwenye sahani nikamwita muuza mkaa aje ashuhudie. Akala vinne. Akasema kwa kuwa sasa nimekuwa mpishi, nimtafutie na yeye mke.

Habari ninayoiona kubwa zaidi ni hii. Msikiti umeniletea sanduku la juzuu zilizolowa mvua, zaidi ya mia moja na themanini, migongo imeachana, kurasa zimeshikana. Tangu mke wangu aanguke mezani mwezi wa kwanza kazi ilikuwa imesimama, kwani bila yeye sina wa kupanga kurasa. Wiki iliyopita alikuja mwenyewe, akavuta kiti chake, akasema miezi mitatu ya kutazama dari inamtosha. Basi tumerudi mezani wote wawili kama zamani. Mimi nashona migongo, yeye anapanga na kupaka. Hatuzungumzi sana. Nilimshukuru Mola kwa sauti, akaniambia nishone.

Ukipata likizo, njoo ule ulichofundisha.

Kaka yako


27 Mei

Dada yangu,

Sijapata jibu lako la barua iliyopita. Huenda liko kwa mlinzi. Nakuandikia kwa kifupi kwa sababu mkono umechoka na mengine pia yamechoka.

Ameanguka tena. Kilo arubaini na moja. Tumbo limejaa kama ngoma, vidonda vimerudi, na safari hii miguu imevimba. Nimepika kama ulivyosema. Nimechagua dengu mpaka macho yakaona punje ukutani. Nimetwanga manjano mwenyewe, angalia madoa kwenye karatasi hii. Hakuna kilichoingia jikoni kwangu nisichokiandika.

Daktari amepima damu. Amesema bila kupandisha sauti kwamba ngano bado inaingia, kila siku, na si kidogo. Matumbo yanakaribia kushindwa kupokea chakula chochote. Ikiendelea hivi, alisema, tusihesabu kuuona mwisho wa mwaka naye.

Nilirudi nyumbani na jambo moja kichwani. Kama mimi simpi, basi anajipa. Alipolala nilipekua kapu lake la kufumia. Nilipekua sanduku la nguo, mifuko ya magauni, chini ya godoro. Sikupata kitu. Alipoamka nilimuuliza, "Unakula nini nisipokuwepo?"

Aliutengeneza mto wake. Akasema, "Tafuta vizuri."

Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu lisilohusu maji au dawa. Leo ni siku ya sita. Anakaa mezani anafanya kazi yake, mimi nafanya yangu, na sauti iliyopo ni ya sindano tu.

Niambie ni wapi nimekosea katika kupika.

Kaka yako


15 Juni

Kaka, shikamoo.

Leo sitauliza habari za seremala.

Barua yako ya Aprili niliipata. Sikuijibu kwa sababu ulinialika, na sikuwa na jibu. Hii ya Mei nimeisoma jikoni nikiwa nimesimama, nikaacha maziwa yakamwagika, jambo ambalo msimamizi ameliandika.

Umempekua mke wako. Mgonjwa wa kilo arubaini na moja umeinua godoro lake. Kaka, hii nimeshaiona. Mtu akiugua nyumbani kwako, lazima pawe na mkono uliomlisha vibaya, na mkono huo kamwe si wako. Miaka kumi na mmoja iliyopita niliomba ruhusa kazini miezi sita nikaja kumpikia mama, nikalala chumba chako cha uani, nikamlisha kwa kijiko mpaka siku yake. Na siku ya kumzika, watu wamejaa uani, ulisema nini? Mimi sitaliandika. Wewe unalijua, na ndiyo maana barua zako zinanitajia chumba cha uani na hazinitajii neno hilo.

Nimemaliza. Sasa sikiliza, kwa sababu wifi hawezi kungoja tukamilishe ugomvi wetu.

Bahasha yako imefika ukingo wake wote umeliwa. Mende, nadhani, huko inakokaa njiani. Karatasi ilikuwa nzima, waliyoikwangua ni gundi peke yake, kwa uroho. Nikaichukua bahasha nikainusa. Inanuka unga uliochacha. Kaka, gundi unayojalidia ni ya unga gani?

Usinijibu, najua. Unga wa ngano, unaupika kwenye ile sufuria ndogo ya bluu yenye pengo. Kwenye orodha yako ya makopo hukuuandika, kwa sababu unakaa chumba cha kazi na wewe huuhesabu kuwa chakula. Uliniambia barua ya kwanza kabisa kwamba jiko umewahi kuwasha kwa mambo ya kazi yako tu, na mimi mwenye kupima kila kitu nilipita hapo kama kipofu. Sufuria ile nimeikwangua kwa kucha zangu miezi sita. Ningekumbuka. Lakini jikoni hapo nilikuwa nimeapa nisipakumbuke, na kiapo changu kimemgharimu wifi miezi miwili.

Alipata nafuu kazi iliposimama. Alianguka aliporudi mezani. Nenda ukamtazame anavyofanya kazi. Mtazame mikono, usimtazame kapu.

Dada yako


9 Septemba

Kwa dada yangu, mtoto wa mama yangu,

Nimechelewa kukuandikia, na nimechelewa kwa makusudi. Sikutaka kukuletea maneno kabla sijawa na kitu cha kuyashika.

Barua yako ilifika asubuhi. Niliisoma nikiwa wima, nikaenda chumba cha kazi nikasimama mlangoni. Alikuwa na juzuu mbele yake na bakuli la gundi mkono wa kulia. Alipaka mgongo kwa kidole, kama tunavyofanya siku zote, maana brashi huacha mapovu. Alifuta kidole kwenye kitambaa. Kisha akakigusa ulimini ili kipate unyevu, akafunua ukurasa. Akahesabu. Akakigusa tena. Nilihesabu pamoja naye, na kabla hajamaliza juzuu moja nilifika arubaini na nane.

Nimemwona akifanya hivyo miaka ishirini na sita. Nakiri kwako kwamba nilikuwa naupenda mwendo ule wa kidole. Wakati mwingine niliacha kushona nikautazama.

Nilimshika mkono. Alidhani nimekuja kumpekua tena, akaukunjua akanionyesha kiganja, kitupu. Nikakaa sakafuni, nikamsomea barua yako yote, pamoja na sehemu inayonihusu mimi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ulitafuta kapuni, hukutafuta mezani." Nikamwomba radhi. Akanijibu kwamba radhi atanipa, lakini kwanza niondoe hilo bakuli.

Unga wote nilimpa mwoka mikate, naye akafikiri tumepatana. Sufuria ya bluu nimeifukia. Chumba tulikifuta kwa matambara maji siku nne, rafu, meza, madirisha. Vumbi la unga lilikuwa limekaa juu ya kila kitu kama jivu, nami nilikuwa nimelizoea nikaliita vumbi la vitabu. Sasa napika gundi ya wanga wa muhogo. Ya kwanza iliota ukungu, na majalada sita yakabanduka mikononi mwa imamu mbele ya watu. Ya tatu imeshika. Yeye hafunui kurasa kwa ulimi tena. Seremala amemtengenezea kibao chenye sifongo la maji.

Leo ni wiki ya tisa tangu tumalize kusafisha. Kilo arubaini na saba. Daktari alisoma karatasi ya damu mara mbili, akaniuliza tumefanya nini, nikamwambia tumepata mpishi mzuri aliye mbali. Jana amepika mwenyewe bilinganya na spinachi, akanikataza hata kuchuja.

Sasa neno lenyewe. Nimefundisha watu toba kwa miaka thelathini na nane, na yangu nimekuwa nikiiahirisha kwa barua za kuulizia magoti. Siku tuliyomzika mama nilisema mbele ya watu kwamba chakula chako ndicho kilichommaliza. Ilikuwa uongo. Mama alikufa kwa maradhi yake na kwa siku yake aliyoandikiwa, na miezi ile sita ilikuwa ya raha kwake kwa sababu yako; aliniambia hivyo kwa mdomo wake, nami sikukuambia. Nilikuwa na uchungu nikatafuta mkono wa kuutupia, wako ulikuwa karibu, bado una unyevu wa kumwosha. Na muda wote huo wangu ulikuwa ndani ya bakuli, unampaka mke wangu ugonjwa, tena kwa ibada.

Kosa lililosemwa mbele ya watu halifutwi kwa faragha. Ijumaa mbili zilizopita nilisimama baada ya swala nikaomba ruhusa ya imamu. Nilitaja nilichosema siku ile, nikataja kwamba kilikuwa uongo, nikakutaja wewe kwa heshima yako. Kati ya walionisikia, waliokuwepo mazikoni siku ile walikuwa saba tu. Wengine wameshatangulia, na hao sina njia ya kuwafikia. Hilo nitalibeba. Muuza mkaa alinifuata nje akaniambia, "Mzee, umechelewa." Nikamwambia kweli.

Sikuombi uje. Nakuomba radhi, na ukiinyima una haki.

Kaka yako


28 Septemba

Kaka, shikamoo.

Barua yako mlinzi aliniletea mwenyewe mkononi. Nimeisoma mara tatu. Kwa wiki kumi na mbili nilikuwa nikienda langoni kila siku baada ya zamu, na kila siku niliporudi nilijiambia tayari ameshazikwa, hawajui waniambieje. Usinifanyie hivyo tena. Kilo arubaini na moja unaniachia nayo, halafu unakaa kimya upate kitu cha kushika.

Arubaini na saba. Nimeiandika ukutani juu ya meza yangu, manesi wanauliza ni chumba gani.

Kuhusu radhi. Nimejaribu kukuandikia kwamba imekwisha, kalamu imekataa. Miaka kumi na mmoja nilipika kila siku kwa watu wasionijua jina, na kila alipofariki mmoja nilirudi jikoni nikaonja alichokula, kidogo, mwisho wa kijiko, nijue kama ni mimi. Hata wale waliokufa kwa ajali ya barabarani. Hilo sikuwahi kumwambia mtu, hata binti yangu. Kwa hiyo ulivyosimama msikitini nimekushukuru, na nimelia, na bado leo asubuhi amefariki mzee wa kitanda cha kumi na tisa, nikachukua kijiko.

Sikukionja. Nilikishika tu, nikakirudisha. Labda ndivyo itakavyokuwa, siku moja nitakirudisha haraka zaidi.

Nimeomba likizo. Msimamizi alitaka kujua sababu, nikamwandikia kwamba nimechoka, akasema hiyo si sababu, nikamwambia aisome tena. Nitafika Jumamosi ya tarehe kumi na sita, basi la asubuhi. Mwambie wifi nataka kumwona akila, na asinichagulie shuka nzuri, ngozi yangu imezoea za hospitali.

Na wewe nikuambie mapema ili tusigombane mlangoni. Jikoni kwako siingii. Sitamenya kitu, sitaonja kitu, sitakuambia chumvi imezidi. Nitavuta kiti, nitanyoosha haya magoti, na nitakaa hapo mpaka chakula kije.

Pika wewe, kaka. Mimi nitakula.

Dada yako